Wilfred Tranter na Ukuta wa Chumba cha Tilly

Usiku mmoja mwezi Mei mwaka huu, ndani ya ukuta wa chumba cha mtoto zilisikika kokoto zikimwagika, kidogo, kisha kimya, kisha tena, na mkwe wa marehemu, Bryony, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, alimnyakua binti yake Tilly akakimbia naye miguu mitupu hadi kwa baba mkwe, lakini mniwie radhi, ndugu waombolezaji, tulipaswa kuanza na kuzaliwa.

Marehemu Wilfred Tranter alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba hiyohiyo ya mawe yenye ukuta huo, hapa Upper Sallow, akasoma shule ya kijiji, na mwaka 1966 akaingia uashi chini ya mjomba wake, na tangu hapo hakuna paa la vigae vya mawe wala bomba la moshi kijijini hapa ambalo mkono wake haukuligusa. Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Maureen, aliyemtangulia mwaka 2015, wakajaliwa mtoto mmoja, Gareth, mume wa Bryony.

Gareth ndiye aliyeziba nyufa za ukuta ule kwa saruji, akidhani anamkinga mwanawe na baridi, na ukuta wa zamani ukizibwa hivyo unyevu hukwama ndani, ukaila chokaa, mawe yakaachana, kokoto za ndani zikamwagika, upande wa nje ukavimba kama tumbo la mjamzito. Marehemu alipoutazama alimwambia, "Umeuziba mdomo, mwanangu. Sasa unajikojolea ndani." Gareth alicheka, Bryony hakucheka, maana kitanda cha Tilly kilikuwa papo hapo, na mafundi wengine wote walisema mpaka mwakani.

Mapafu ya marehemu yalikuwa yameshaliwa na vumbi la mawe, daktari alishamkataza, lakini aliubomoa akaujenga upya kwa chokaa, akalaza mawe marefu ya kushikanisha uso wa nje na wa ndani, akaufunika magunia yaliyoloweshwa usikauke kwa pupa, huku akikohoa. Kabla ya kufunga jiwe la mwisho aliomba kiatu kimoja cha Tilly, kilichokwisha kuvaliwa, kwani wazee wa hapa huficha ukutani kiatu cha mtoto wa nyumba ili kimlinde, na mahali pake hupajua mtu mmoja tu, naye humrithisha mmoja, kwa sababu kikijulikana kitachokonolewa, na kikitolewa ulinzi umekwisha.

Alilazwa tarehe 2 Oktoba 2023, akafariki tarehe 11, akiwa na miaka sabini na miwili. Jioni ya mwisho alimnong'oneza Bryony mahali kiatu kilipo, na Bryony akamuuliza, je, barafu ikianza, ukuta utasimama, utasimama kweli? Akajibu, "Sijui, mama. Uguse kila asubuhi. Ukiwa mkavu, mlaze mtoto."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu na kubeba mawe, na waashi wenzake wanaomchongea jiwe la kaburi. Leo asubuhi ukuta umeguswa, ulikuwa mkavu. Pumzika, baba, kazi yako imesimama mpaka leo. Gareth ameshauliza mara mbili kiatu kiko wapi, na hata yeye, baba, sitamwambia.