Visigino Vilivyosalia Majivuni

Fungeni mlango, wanangu, na aliyesimama aketi, kwa sababu haya nitayasema mara moja tu, na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kumngoja mtu aliyetoka kukojoa. Wewe kifungua mimba, kaa hapa ukingoni mwa kitanda, upande wa mkono wangu wenye nguvu, nikushike. Usinikunjie uso. Nimekushika kwa sababu najua unakotaka kwenda. Tangu asubuhi nasikia kisu kikinolewa karakanani, na ukuta huu ni mwembamba, na masikio ndiyo kiungo pekee ambacho daktari hajakilalamikia. Kisu cha kukatia ngozi hunolewa upande mmoja, kila mtoto wa fundi viatu analijua hilo kabla hajajua kujifunga kamba. Wewe umekigeuza kwenye jiwe ukanoa na upande wa pili. Ngozi gani hiyo, mwanangu, inayotaka makali mawili?

Ni ngozi ya mtoto wa Bwana Maboksi. Mafundi wenzako watakuja kukuchukua saa kumi, madumu ya petroli yamejaa, mwende mkalichome duka lake la viatu vya nje, naye akitoka mlangoni wewe umpokee. Kitinda mimba ameniambia. Usimtazame hivyo, nilimtisha kwa laana, na wewe ningekutisha vile ungeropoka hata ambayo hukuyatenda. Unasema unalipiza damu ya baba yako mdogo, Sindano, aliyeteketea ndani ya ghala la Bwana Maboksi miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa nyamaza nikueleze damu hiyo iko mikononi mwa nani. Na wewe binti yangu, acha kuchemsha maji, rudi kwenye kigoda chako. Neno hili ni lako kuliko la wote, maana Sindano ndiye aliyekuzaa, mimi nilikulea tu.

Nitaanza na sifa zangu, kwa sababu mnanijua, sijawahi kuanza na kitu kingine. Shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu alimshukuru Mungu, na mimi nikamshukuru mwalimu. Nilipofika miaka thelathini nilikuwa na karakana ya mafundi thelathini na wawili, na nyundo zilipolia majirani walizungumza kwa ishara kama mabubu. Hapakuwa na mguu nisioujua katika mji huu. Nikiona unyayo kwenye tope nilikwambia ni wa nani, ana sugu kidole kipi, na anatoka kwa mwanamke yupi ambaye si mkewe. Nimewavalisha walimu, wauguzi, wafungwa, na askari waliowafunga. Viatu vyetu vilikuwa na misumari sita kisiginoni, mitano kwa umbo la kwato na mmoja katikati, kama baba yetu alivyotufundisha mimi na Sindano, na hakuna karakana nyingine iliyopigilia hivyo. Mimi nilikuwa mdomo na kifua. Sindano alikuwa mkono. Alikuwa mwembamba hata upepo ulimpita bila kumwona, lakini akishona, uzi wenyewe ulijisikia vizuri.

Kisha nikafanya ujinga. Ngozi ya soli ilipoadimika, niliweka kadibodi katikati, nikaifunika kwa ngozi juu na chini, nikaipaka rangi ukingoni, nikajiona mjanja kuliko sungura. Sindano akaja na kiatu mkononi, akakipasua mbele ya mafundi wote, akaitoa ile kadibodi kama mtu anayetoa utumbo wa samaki. Akaniambia, "Kaka, hawa wananunua kwetu kwa sababu ni kwetu. Wangeweza kwenda kwingine. Mtu kama huyo ukimwibia, hutampata tena." Nikampiga na mpini wa nyundo kwenye paji la uso. Akaanguka juu ya sanduku la misumari, akainuka na damu machoni, akachukua aproni yake, akaondoka bila kuniaga. Nikawageukia mafundi nikawauliza kama yuko mwingine anayetaka somo. Hakuwapo. Mwoga hamfundishi mjinga.

Mvua ya kwanza iliponyesha, viatu vya mji mzima vilifumuka. Watu walitembea soli zikipepea kama midomo ya bata. Wakavirundika mlangoni kwangu, na aliyekuwa na adabu alinitukana mimi peke yangu. Tangu siku ile msemo ukawa mmoja: cha nyumbani ni cha kuendea chooni. Hapo ndipo Bwana Maboksi alipofungua duka, viatu vinang'aa ndani ya maboksi yenye maandishi ya ng'ambo, na watu wale wale wakavinunua huku wakivipapasa na kusema, unaona, wenzetu wanajua kazi. Nikawaachisha kazi mafundi kumi, kisha kumi na wawili. Fundi wa rangi alikunywa dawa ya kulainishia ngozi, akafa akitapika povu la bluu, na watoto wake wanne wakimtazama. Mimi nikasema Bwana Maboksi ndiye aliyemnywesha. Mwongo mwenye sauti nene hahitaji shahidi.

Tulikwenda mchana, jua likiwa utosini, watu wapatao sitini. Nilibeba ule mguu wa chuma tunaogongea viatu. Tulivunja mlango wa mbele wa ghala, tukatoa maboksi, tukayapasua. Jozi moja ikaangukia miguuni pangu. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Fundi viatu halisi hakitazami kiatu usoni, hukigeuza kwanza akatazama chini. Nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi, nafanya hata kwenye mazishi ya watu. Siku ile, kwa chuki, nilikitazama usoni tu. Nikakitemea mate. Nikakipaka gundi, nikakiwasha, nikakitupa ndani.

Bwana Maboksi alikuja mbio kutoka dukani. Hakulilia mali, kama nilivyowahadithia miaka yote. Alinishika shati, akanyoosha kidole kwenye kiatu kilichokuwa barabarani, akasema, "Fundi, geuza. Geuza uone." Nikampiga goti na ule mguu wa chuma, nikasikia likivunjika kama kuni kavu. Alipokuwa chini bado akasema, "Geuza, ndani kuna..." Nikampiga mdomoni ili asimalize. Meno yake yalibaki kwenye chuma changu. Niliyang'oa jioni kwa koleo. Na wengine wakamrukia, wakamkanyaga kwa viatu nilivyowashonea mimi.

Ndipo ikasikika ile sauti kutoka nyuma ya ghala. Mbili nzito, moja nyepesi. Mbili nzito, moja nyepesi. Hivyo ndivyo baba yetu alivyotufundisha kugonga: mbili za kupigilia, na moja ya kuuliza kama msumari umekubali. Mtu mmoja akaniuliza, "Kuna mtu mle ndani?" Nikamjibu kwamba ni makopo ya gundi yanapasuka. Msiniulize kama nilijua. Nitawaambia hiki tu: mkono wangu huu, uliokuwa umeshika chuma, ziliposikika mbili nzito, wenyewe uligonga hewani ile ya tatu.

Binti yangu, usizibe masikio. Bado kidogo.

Alfajiri nilikwenda peke yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa nje. Bwana Maboksi alizoea kumfungia Sindano humo akifanya kazi, ili mtu yeyote asiingie kwa bahati mbaya akaona. Aone nini? Nilifukua majivu nikaona visigino. Ngozi ya juu ilikuwa imekwisha, lakini kisigino kigumu huungua nusu tu, na mle ndani misumari ilikuwa imesimama: mitano kwa umbo la kwato, mmoja katikati. Kila kisigino. Jozi mia nne za viatu vya nje, vyote vimetoka mkononi mwa Sindano. Alikuwa akivishona yeye, akikatiwa ngozi na mafundi tisa kati ya wale niliowaachisha, kisha akivipiga mhuri wa ng'ambo ndani ya chumba kile, kwa sababu mji haukutaka tena kiatu chenye jina letu. Angeweza kubadilisha misumari. Hakubadilisha. Nami sikugeuza.

Nilimkuta kwenye kona, nyundo ingali mkononi.

Nilifanya nini? Nilivikusanya vile visigino kwenye aproni, safari sita, nikavitumbukiza chooni. Polisi walipokuja niliwaambia Bwana Maboksi alimteka ndugu yangu, akamfungia, akawasha moto mwenyewe ili atusingizie. Kufuli lilikuwa lake, na taya lake lilikuwa limefungwa nyaya hospitalini, hakuweza kunibishia. Alikaa gerezani miaka saba. Alipotoka akichechemea alipita mbele ya karakana yangu kila siku hadi alipokufa, na hakunena neno. Angesema nini? Kwamba aliuuzia mji mzima viatu vyake wenyewe kwa jina la wageni? Kila mmoja wetu alikalia uongo wake, na wangu ukawa ndio urithi wenu.

Unauliza kwa nini nisife nayo. Swali zuri, mwanangu, na nilikuwa nimeamua hivyo, mpaka niliposikia kile kisu kikigeuzwa. Unaenda kumchinja mtu aliyevunjiwa baba yake na baba yako. Kaa. Mkono wangu si mzito kiasi hicho, ungetaka kutoka ungetoka.

Nunueni vinavyotengenezwa kwetu. Nimelisema maisha yangu yote na kifo hakinibadilishi kauli. Ufagio wa jirani, sufuria ya jirani, kitanda hiki alichokichonga seremala wa mtaa wa pili, ambacho hakijawahi kulia hata nilipokuwa na nguvu za kukiliza, kitinda mimba usicheke. Ukinunua cha jirani, mwanawe anakula, na aliyekula havizii dirisha lako. Lakini sikio la pili lisikie na hili: anayekuja kwako kwa sababu wewe ni wake, mpe kiatu, usimpe kadibodi. Na mteja hachapwi fimbo arudi. Siku ile hatukumchoma mgeni hata mmoja. Tulichoma kazi yetu, na mafundi tisa niliwaachisha kazi kwa mara ya pili.

Basi ni hivi. Karakana, cherehani zote mbili za ngozi na vifaa vyote ni vya binti ya Sindano. Si nusu. Kifungua mimba, utamfanyia kazi akikutaka. Asipokutaka, miguu unayo. Nyumba hii mtakaa wote. Kitinda mimba, wewe uliyevumilia shule, leo mchana uliyaandika haya bila kuinua uso, na alama ya dole gumba langu iko chini yake. Karatasi hiyo uipeleke polisi kesho asubuhi, hata kama nitakuwa bado napumua, watanikuta hapa, sikimbii. Nakala yake mpelekeeni mtoto wa Bwana Maboksi, nyote watatu, kwa miguu, mchana, watu wakiwaona. Mkimaliza, mwombeni aweke jozi moja dirishani pake. Moja tu. Yenye jina letu. Akiwatemea mate, jifuteni, mrudi mwezi ujao.

Wanapiga mluzi huko nje. Ni wenzako. Saa kumi tayari?

Kaa, mwanangu. Sina tena... siwezi kukushika. Nani huyo amesimama? Binti yangu, ni wewe? Umefungua dirisha. Unawaambia nini? Sema kwa sauti, nisikie.

"Rudini makwenu. Hapa pana mgonjwa, na hakuna anayetoka."

Vizuri. Mluzi umekoma. Sindano naye hakuwa na maneno mengi. Njoo, niinulie kichwa, kifua kimekuwa kama kimejaa gundi.

"Kunywa maji, baba mkubwa."

Baba mkubwa. Miaka kumi na tisa umeniita baba. Hapana, usirekebishe, umesema sawa. Ndicho cheo changu. Nilikuwa nimevaa cha mwingine.

Wanangu, nyie wawili, nawapa radhi yangu yote. Mikono yenu ishike kazi, isishike... isishike moto. Mkose cha kuwatenganisha. Mkila, mle pamoja na... na jirani. Wewe binti, wewe siwezi kukupa radhi. Wewe ndiye ninayekuomba. Si lazima leo. Si lazima nikiwa... Kaa tu hapo. Nyundo zikianza kesho, usiwaambie wapige polepole kwa ajili ya... maiti. Wapige. Mbili... Binti...

Si lazima leo.