Droo ya Bado Yapata Mlinzi Mwingine

Tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, mtunzaji wa vipepeo wa makumbusho yetu atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne kazini. Kwenye jalada lake ana jina refu la kiofisi. Sisi wengine, kuanzia getini hadi ghorofa ya pili, tunamwita Mama Bado, naye huitika.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa vijikaratasi vya majina vinavyochomekwa chini ya kila mdudu, si kuuliza maswali. Wiki ya tatu akauliza. Alitaka kujua kwa nini vipepeo warembo wametosha katika kabati moja, ilhali wale wa kahawia, ambao hakuna mgeni anayewatazama mara mbili, wamejaza makabati manne. Mtunzaji wa wakati huo, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alimkabidhi lenzi na kumwambia akajionee. Akaenda, na hadi leo hajarudi kuwa mpiga chapa.

Tangu hapo ole wako upite karibu na makabati hayo ukiwa na haraka. Atakushika mkono akuonyeshe kwamba kipepeo wa kahawia ana miguu sita lakini husimama kwa minne, kwa kuwa ile ya mbele imesinyaa na kuwa kama vibrashi. Atakuonyesha yale madoa ya mviringo yanayofanana na macho pembeni mwa bawa: ndege hudonoa hapo badala ya kichwa, na kipepeo huenda zake na bawa lililochanika. Kisha atakuja kwenye sehemu anayoipenda, kwamba viwavi wao karibu wote hula nyasi. Nyasi zilipotanda duniani mamilioni ya miaka iliyopita, wao walizifuata, wakagawanyika aina kwa aina kila walikofika. Ndiyo sababu ya makabati manne. Chai yako itakuwa imepoa, lakini swali lake la wiki ya tatu utakuwa umejibiwa.

Wapo wanaokumbuka mwaka ambao wataalamu walikubaliana kwamba vipepeo hawa hawastahili kuwa familia peke yao, wakawaweka chini ya familia kubwa zaidi. Kwake hilo lilimaanisha kuchapa upya vijikaratasi elfu moja na mia mbili. Alivichapa vyote, kisha akabandika tangazo kwenye mlango wa kabati: “Tumeshushwa cheo, lakini kazini tupo.”

Kosa lake kubwa analisimulia mwenyewe, tena kwa furaha. Mwaka wake wa tano alitenganisha aina mbili: moja yenye madoa makubwa, nyingine isiyo na doa la maana, inayofanana na jani kavu. Aliandika makala, yake ya kwanza, na mama yake mzazi akaitia fremu na kuitundika sebuleni. Miaka mitatu baadaye alifuga viwavi waliotoka kwenye mayai ya kipepeo mmoja. Nusu aliwaweka kwenye chungu cha nyasi katika chumba chenye joto, nusu katika stoo ya baridi. Wa chumba cha joto wakatoka na madoa makubwa. Wa stoo wakatoka majani makavu. Ndugu wa tumbo moja, wamevaa nguo ya masika ya joto na nguo ya kipupwe kikavu! Aliandika makala ya pili kusema kwamba ile ya kwanza ilikuwa na makosa na mkosaji ni yeye. Mama yake alikataa kata kata kushusha fremu, hivyo ya pili ikatundikwa kando yake.

Hapo ndipo ilipozaliwa droo ya Bado. Kila kipepeo anayemtia shaka huwekwa humo, na kadi inayoeleza shaka yenyewe. Kila mkurugenzi alipouliza kama wale wameshapata jina, alipewa jibu hilo moja: bado.

Sasa niungame. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyeleta daftari la kompyuta, na daftari langu halikukubali mdudu asiye na jina. Droo ilikuwa na vipepeo arobaini na watatu, na mkurugenzi alitaka wote wawe wameingizwa kabla ya Mama kustaafu. Nilimshauri Mama ampe kila mmoja jina la anayefanana naye, tutasahihisha baadaye. Alikataa. Alipokwenda likizo, nikawapa kumi na wawili kati yao majina mwenyewe.

Aliporudi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaniwekea vipepeo wawili na lenzi, akaniuliza kama ni aina moja au mbili. Saa tatu asubuhi nilisema mbili. Saa sita nilisema moja, tena kwa kiburi. Saa kumi nilisema bado, na Mama akacheka hadi akavua miwani kujifuta machozi. Kisha akanieleza taratibu kwamba kipepeo aliyepewa jina la uongo hatafutwi tena na mtu yeyote. Nilifuta majina yale kumi na mawili siku hiyohiyo. Siku hizi daftari la kompyuta linakubali neno “bado”, na wanne kati ya wale arobaini na watatu wameshapata jina la kweli baada ya kupimwa vinasaba.

Wiki iliyopita alijaza fomu ya kustaafu. Palipoulizwa kama amekamilisha kazi zote, ndiyo au hapana, alichora kisanduku cha tatu na kuandika neno lake. Ofisi ya utumishi ilinirudishia fomu hiyo nimshauri achague ndiyo au hapana. Nimeweka saini yangu chini yake, kama shahidi. Jana alinipa ufunguo wa droo.

Mama, asante kwa kutufundisha kutazama mara ya pili. Tunakuombea afya, bustani yenye nyasi ndefu, na asubuhi zisizo na haraka. Na ukituuliza siku moja kama tumeshazoea kukaa bila wewe, jibu unalijua.