Mashahidi Kumi na Wawili wa Radi

Alphonso aliketi nyuma kabisa ya kivuko cha kwenda kisiwani kwao, pwani ya Georgia, kofia imemshuka hadi puani, muswada wa kitabu chake mapajani. Miaka ishirini ya kuishi Atlanta ilikuwa imemfanya mtaalamu wa watu waliomlea. Sura aliyojivunia zaidi ilieleza jinsi radi ilivyounguza nyumba ya sala ya zamani. Wazee kumi na wawili aliowahoji walisema neno lile lile.

Kwenye benchi la mbele yake, Bi Hester na Bi Viola, wawili kati ya wazee hao, walikuwa wakirudi na vikapu vyao bila kumtambua.

"Tumwambie Alphonso ukweli, dada," akasema Bi Viola. " Kitabu kinakwenda kuchapwa."

"Umwambie nini? Kwamba babu yake shemasi alikuwa anakausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba ya Mungu, akasinzia? Mtu amekaa barazani kwako, anakula wali wako wa kaa, ndiyo umchafulie babu yake?"

"Lakini alitaka historia yetu tuisimulie wenyewe."

"Si tumeisimulia? Wewe hata upepo uliuongeza."

Alphonso akakumbuka kwamba ule upepo alikuwa ameupa kurasa tatu.

Kivuko kikagusa gati. Bi Viola akageuka kuchukua kikapu chake, akamwona.

"Mwanangu, ulikuwa hapo muda wote? Umetusikia?"

Alphonso akakinyanyua kile kikapu, akambebea.

"Nimesikia mkizungumzia radi," akasema. "Na upepo, Bi Viola. Upepo mkali sana."