Jumamosi za Kusafisha Ziwa

Kwenye boti ya kwenda Muhuru Bay, Ziwa Victoria, nilikaa nyuma ya watu wawili ambao hawakujuana, mpaka walipogundua kwamba wote wamehojiwa na msichana yuleyule wa utafiti. Swali lilikuwa moja: ungelipa pesa ngapi kila mwezi ili maji ya ufuoni yawe safi?

"Nilisema elfu mbili," alisema Jacktone, mwenye gesti.

"Mimi hamsini," alisema Lynnet, ambaye hukausha omena, wale dagaa wa ziwani.

"Basi mama, mimi napenda ziwa mara arobaini kukushinda."

Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Lynnet alicheka. "Jaduong', mzee wangu, wewe ziwa unaliangalia ukiwa kwa veranda. Mimi nakunywa. Hiyo hamsini ni mboga ya watoto, na elfu mbili yako ni soda ya wageni. Angetuuliza tungetoa siku ngapi, kwa sababu siku tuko nazo sawa. Mimi natoa kila Jumamosi kutoa hiyo uchafu. Na wewe?"

"Jumamosi niko na wageni."

"Jumatatu?"

Jacktone alianza kuchunguza mawingu.

Boti ilisimama hatua chache kabla ya nchi kavu, kwenye maji ya kijani yanayonuka. Jacktone akapanda mgongo wa mbebaji mmoja aliyekuja kupokea abiria, kama wafanyavyo wenye viatu vizuri. Lynnet akakunja rinda, akaingia majini na kutembea kando yao.

"Nusu siku," Jacktone alisema kutoka mgongoni.

"Shuka kwanza," Lynnet akamjibu. "Tuongee ukiwa ndani ya maji."