Glenys Rae Chilcott, Aliyewapigia Simu Waliopotea

Glenys Rae Chilcott alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika hospitali ya Burnie, kisiwani Tasmania. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Lindsay Chilcott, fundi wa kiwanda cha karatasi, na marehemu Bi Beryl. Miaka mitatu baadaye alifuatiwa na Kelvin, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, na ambaye anaomba radhi mapema kwamba mambo ya kuandika si fani yake. Aliyejua kuandika katika nyumba ile alikuwa Glenys.

Alisoma shule ya msingi hapa Wynyard kuanzia mwaka 1966. Alipokuwa na miaka tisa, enzi ambazo maziwa yaliachwa milangoni kila asubuhi, alimwambia mama yake, "Mama, Bi Quilty ana chupa tatu za maziwa mlangoni, na yeye hunywa moja kwa siku."

"We mtoto, umekosa kazi? Acha kuhesabu vya watu!"

Glenys hakuacha. Alikwenda kwa jirani huyo, akagonga, akachungulia dirisha la bafu, akarudi mbio bila kiatu kimoja. Bi Quilty alikuwa chini tangu juzi yake, nyonga imevunjika. Bibi yule aliishi miaka kumi na minne zaidi, na kila Krismasi alimletea Glenys chupa ya maziwa iliyofungwa utepe mwekundu. Kelvin, kwa wivu, alikuwa akiyanywa maziwa hayo kwa siri.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1977, akiwa wa kwanza katika hesabu. Baba hakuona sababu ya binti kwenda kuendelea na masomo Hobart. Glenys hakulalamika, ila hakusahau pia.

Januari 1978 aliajiriwa kuwa keshia katika Maduka ya Maskell, ambayo wakati huo yalikuwa mawili tu na leo ni tisa. Mwaka 1989 alihamishiwa ofisini kutunza rekodi za bidhaa. Kadi za pointi, zinazoweka kumbukumbu ya kila anachonunua mteja, zilipoanza mwaka 1998, yeye ndiye aliyebaki ofisini jioni kujifunza zile programu za kompyuta ambazo wanaume wenye digrii walizikimbia. Mwaka 2009 alipewa cheo cha mchambuzi mkuu wa data. Ukimuuliza ni kazi gani hiyo, alijibu, "Nasoma vikapu vya watu."

Sasa, katika kazi hiyo, mteja aliyezoea kuja kila wiki kisha akanyamaza huitwa "aliyepotea". Kompyuta humweka kwenye orodha, wakubwa wakaiangalia orodha, wakasikitika, wakanywa chai. Glenys hakuiweza tabia hiyo. Kila Alhamisi mchana alichukua simu na kuwapigia mmoja mmoja. "Umepotea!" ndivyo alivyowaanza wote, kama tunavyowaanza marafiki ambao hatujaonana nao siku nyingi. Na wengi walimjibu, "Nipo, mwanangu, nipo." Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekasirishwa na bei ya siagi. Lakini kumi na mmoja, katika miaka ile, walikuwa sakafuni au kitandani, na simu ya Glenys ndiyo iliyoita gari la wagonjwa.

Mwaka 2016 alimpigia Mzee Arvid Lohrey wa Stanley, ambaye yupo hapa nasi, safu ya pili.

"Mzee Lohrey, umepotea!"

"Sijapotea mimi, nipo," alijibu mzee. "Mke wangu ndiye aliyekuwa akinunua. Tumemzika mwezi uliopita. Mimi hapa sijui hata ni sabuni gani tulikuwa tunatumia."

Glenys alifungua kumbukumbu za kadi yao, akamsomea taratibu. Sabuni ya kijani ya mkaratusi. Majani ya chai, pakiti kubwa, kila wiki ya pili. Asali ya maua ya leatherwood, ule mti wa kwetu Tasmania, kopo moja kwa mwezi, na kila Mei makopo mawili.

"Mei kuna nini, mzee?"

Mzee akasema, "Siku yangu ya kuzaliwa. Kumbe ndiyo sababu keki ilikuwa tamu." Tangu siku hiyo, kwa miaka tisa, Glenys alimpigia kila Alhamisi saa nane mchana.

Alifunga ndoa na Bw. Trevor Gillam tarehe 14 Aprili 1984 katika kanisa hili hili. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1991 Trevor alikwenda kufanya kazi migodini, Australia Magharibi, akaandika barua, kisha akaandika kadi, kisha hakuandika tena. Walitalikiana mwaka 1993. Glenys hakumsema vibaya hata mara moja, nasi hatutaanza leo. Aliishi peke yake katika nyumba ya Mtaa wa Dodgin kwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa na kiti kimoja tu jikoni, kile cha pili alikiweka bandani, akasema kinamzuia kupita. Kelvin alikiona kiti hicho bandani miaka mingi, na wala hakuuliza.

Mwaka 2023 Maskell walileta mfumo mpya wa akili mnemba, na kijana mpya kutoka Melbourne wa kuusimamia, Bw. Brayden Tierney. Glenys hakuuchukia mfumo ule. Aliusifu kwamba una macho kuliko yeye. Ila katika kikao cha kwanza aliuliza swali, na waliokuwepo wanalikumbuka.

"Bi Glenys, huu mfumo unajua mteja anapotea hata kabla mwenyewe hajajua," alisema Brayden.

"Vizuri. Ukishajua, unafanya nini?"

"Unamtumia ujumbe, papo hapo."

"Na asipojibu?"

"Unaongeza punguzo."

"Haya, mwanangu. Lakini maiti hadai punguzo."

Kikao kizima kilicheka. Glenys hakucheka. Aliomba kitu kimoja tu: nyuma ya mashine abaki mtu mmoja mwenye simu, saa tatu kwa wiki. Aliomba mara tatu kwa maandishi. Mara tatu aliambiwa kwamba faida ya simu zake haipimiki. Tarehe 28 Juni 2024 alistaafu, akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Aliondoka na daftari lake la jalada la kijani lenye majina thelathini na saba, ya watu waliompa namba zao wenyewe, akaendelea kuwapigia akiwa nyumbani, kwa simu yake.

Tangu Machi mwaka huu alikuwa akisumbuliwa na moyo. Daktari wa Burnie alimwandikia dawa, akamuuliza kama kuna mtu wa kumtazama. Glenys alijibu, "Wapo wengi." Sisi tumeyajua hayo juzi, kwenye karatasi za hospitali.

Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni alimpigia Kelvin kule Devonport. Yeye ndiye aliyepiga, siku zote. Jumapili tarehe 13 Julai simu haikulia. Kelvin alikuwa akitazama mpira. Alisema moyoni, "Afadhali, leo nitaona mechi mpaka mwisho." Ameona ni haki mlisikie hili kutoka kwake mwenyewe. Madaktari wanaamini Glenys aliaga dunia jioni hiyo, jikoni kwake, akiwa na miaka sitini na minne.

Jumanne, siku yake ya kununua, hakwenda dukani. Jumatano asubuhi simu yake ilipokea ujumbe wa mfumo wa Maskell: "Glenys, umepotea! Rudi upate punguzo la asilimia kumi." Ijumaa ukaja mwingine, asilimia kumi na tano. Jumamosi, ishirini. Mashine ilijua kabla ya ndugu yake wa tumbo moja.

Mtu pekee aliyemtafuta alikuwa Mzee Lohrey. Alhamisi saa nane simu yake haikulia. Ijumaa alimpigia Glenys mara saba. Jumamosi alipiga dukani, akajibiwa na sauti ya mashine.

"Namtafuta Glenys," alisema.

"Samahani, bidhaa hiyo haipatikani kwa sasa."

Basi mzee wa miaka themanini na sita aliwasha gari lake, akaendesha kutoka Stanley hadi Mtaa wa Dodgin kwenye mvua, akagonga, akachungulia dirisha la jikoni. Mzee, familia haina neno linalotosha. Ahsante.

Jumanne iliyopita, Kelvin akiwa ameichomeka simu ya dada yake kwenye chaji, ujumbe wa nne uliingia: "Glenys, bado tunakukumbuka!" Kelvin aliandika, "Hayupo. Mimi ni mdogo wake, Kelvin." Jibu lilikuja hapo hapo: "Karibu, Kelvin! Je, una kadi ya pointi?"

Aliizima. Alhamisi, saa nane mchana, alifungua daftari la kijani, akapiga namba ya kwanza.

"Mzee Lohrey, umepotea," alisema.

"Nipo, kijana wangu," alisema mzee. "Nipo."

Kisha mzee akamuuliza, "Na wewe je? Nani anakupigia?"

Marehemu ameacha mdogo wake Kelvin, wifi yake Sandra, watoto wa mdogo wake, Toby na Jacinta, waliomwona shangazi yao Krismasi hadi Krismasi, na majina thelathini na saba ya daftarini. Kelvin ameshalipitia jina moja. Yamebaki thelathini na sita.

Lala pema, dada. Simu tutapiga sisi.