Mzee Sirili Anaondoka, Dainamo Imenyamaza

Mzee Sirili amefanya kazi kwenye kiwanda chetu miaka ishirini na mbili. Aliingia mwaka 1962, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1984. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu ndimi niliyekaa naye zaidi chumba cha mashine. Shule niliishia darasa la pili. Nitaandika hivyo hivyo.

Kazi yake ni dainamo. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yanateremka kutoka mlimani, yanazungusha gurudumu, gurudumu linavuta mkanda, mkanda unazungusha dainamo. Umeme wa kukoboa kahawa na kusaga mahindi ulitoka hapo. Nguzo za serikali hazijafika kwetu.

Alipenda kufundisha. Siku moja saa ya chai alichukua msumari, akauzungushia waya, akagusisha ncha za waya kwenye betri ya tochi. Msumari ukanyanyua pini za Mama Dafroza wa mashine ya mahindi. Akaachia waya, pini zikaanguka.

"Huo msumari ni mume wangu kabisa," Dafroza akasema. "Mpaka aone pombe ya mbege ndiyo anaamka."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mzee akasema, "Umeme ukipita kwenye waya, chuma kinakuwa sumaku. Na sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme unatoka. Hawa wanazaana."

Nikamuuliza, "Sasa wa kwanza alizaliwa na nani?"

Akafurahi sana kwa swali hilo. Akasema ndani ya chuma cha dainamo inabaki sumaku kidogo, hata mashine ikilala. Hiyo ndiyo mbegu. Mashine ikianza kuzunguka, mbegu inatoa umeme kidogo. Ule umeme unaongeza sumaku, sumaku inaongeza umeme, mpaka taa zinawaka.

Mara mbili ameisuka upya dainamo, akizungushia waya mpya ndani, mwaka 1968 na 1975. Mizunguko ya waya alihesabu kwa rozari, kila punje mizunguko kumi. Padre alimwona akadhani anasali. Na mke wangu Digna alipofariki, Mzee alivuta waya kutoka kiwandani mpaka nyumbani, kihambani kwangu, watu wapate taa ya msiba. Hakuombwa.

Mwezi wa tano meneja wetu, Ndugu Filemon, alisema mgeni wa wilaya atakuja kumuaga Mzee, kwa hiyo mashine zing'ae. Mzee alikuwa ameshuka Moshi kutafuta mkanda. Tukataka akirudi afurahi. Tukafungua dainamo. Nikapiga kutu kwa nyundo kwenye vyuma vya ndani, asubuhi mpaka jioni. Tukapaka rangi ya kijani. Ilipendeza.

Mzee akarudi, akafungulia maji. Dainamo ikazunguka vizuri. Taa hazikuwaka.

"Nani amegonga?"

"Mimi, Mzee. Nilitoa kutu."

Akakaa kwenye gunia. "Evaristo, sumaku haitaki kugongwa. Mmekula mbegu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alisema mbegu inaweza kurudishwa kwa betri ya gari. Tukasubiri wiki mbili Land Rover ya misheni ipate petroli ifike. Mzee akagusisha waya za betri, akahesabu mpaka tatu, akatoa. Akafungulia maji. Taa ikawa nyekundu, ikawa njano. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu tukasikia harufu ya kuungua. Nyundo yangu ilikuwa imechubua waya za koili, zikagusana.

Sasa inatakiwa isukwe yote upya. Waya wa shaba hakuna. Mzee ameshuka Moshi mara nne, maduka yote ya mtaa wa Majengo, gereji mpaka za mtaa wa Soweto. Anaambiwa asubiri, nchi haina pesa za kigeni. Amerudi kila mara na mfuko mtupu, ameukunja vizuri kwapani.

Ndugu Filemon ametusomea barua ya wakubwa. Waya usipopatikana kabla ya tarehe 30, kiwanda kinafungwa, watu thelathini na mmoja warudi makwao. Leo ni tarehe 27. Na hata waya ukija mwezi wa nane, anayejua kuisuka ni Mzee peke yake. Aliomba aongezewe miezi mitatu, bila hata mshahara. Wakamjibu miaka hamsini na tano imetimia, sheria ni sheria.

Mgeni wa wilaya ametuma salamu, hatakuja. Mbege ipo. Dafroza ameshapika.

Mzee Sirili, asante. Ulitufanyia kazi vizuri, na hili lililotokea si kosa lako. Tunakuombea afya, mgomba uzae, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa. Jumatatu asubuhi ukisikia watu wengi wanapita njia ya kwako, usitoke kutusalimia. Ni sisi, tunateremka kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miwa.