Mama Fildi: Bi. Coleta Sikazwe, Mwalimu Aliyekwenda Kujifunza kwa Niaba Yetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Coleta Sikazwe anastaafu, baada ya kukitumikia Chuo cha Sanaa na Ubunifu Itwelele, hapa Sumbawanga, kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kama mwalimu wa ufumaji, kisha akawa mratibu wa mafunzo kwa vitendo. Cheo hicho kinajaza mdomo, kwa hiyo wanafunzi walimwita Mama Fildi, na jina likashika hadi kwa makonda wa mabasi ya Namanyere.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wanafunzi wa uchoraji, ushonaji na usanifu wakajifunze kwa mafundi wenyewe. Ikisemwa hivyo inasikika nyepesi. Lakini waulize waliomwona asubuhi ya Juni, baridi ya Ufipa ikikata masikio, sweta mbili mwilini na buti za mvua chini ya kitenge, akipanda basi la Chala kumkagua mwanafunzi ambaye hakutarajia kukaguliwa.

Kelvin, aliyekuwa mwanafunzi wetu wa uchoraji, anamkumbuka vizuri. Alipelekwa kwa Mzee Amin, msafirishaji wa mjini, akaandika ubavuni mwa basi majina ya vituo kwa herufi zenye mikia na maua, mpaka abiria wakaliacha liende wakidhani ni la harusi. Coleta hakugomba. Alimpeleka Kelvin stendi, akamwambia kwamba maadamu maandishi hayasomeki, yeye mwenyewe ndiye atakuwa maandishi. Kijana akaita abiria siku nzima hadi sauti ikakauka. Leo ana karakana yake, na mabango yake yanasomeka hata na mwenye haraka.

Hata hivyo, sifa yake kubwa ilitokana na aibu ya chuo kizima. Mwaka 2011 wanafunzi wetu watatu walikuwa kwa akina mama wafinyanzi wa kijiji kimoja jirani na Mwimbi, ambao mwenyekiti wao ni Mama Jenifer. Akina mama walipokwenda msibani kwa siku kadhaa, vijana wakataka kuwafurahisha. Wakachukua vyungu vilivyokwisha kuchomwa, wakavipamba kwa rangi ya mafuta: maua, ndege, hata twiga. Wakavipeleka mnadani wenyewe, vikaisha vyote. Kisha wanunuzi wakavibandika jikoni. Jioni hiyo kijiji kizima kilinuka gereji, na maharage yaliyomwagwa hata mbwa waliyakataa.

Mama Jenifer aliwarudisha vijana chuoni na mabegi yao. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mnawafundisha kupamba chungu kabla hawajauliza kinapika nini. Habari ikasambaa. Maseremala wakafunga milango, na washonaji nao wakasema nafasi zimejaa. Hapa chuoni bila fildi hakuna cheti, hivyo darasa zima la mwaka huo likawa linaning'inia. Baadhi yetu tulipendekeza iandikwe barua ya kuomba radhi. Coleta akaomba likizo.

Alikwenda kwa Mama Jenifer, akamwamkia shikamoo, akaomba apokelewe kama mwanafunzi. Hakupewa kiti, alipewa jembe la kuchimbia udongo. Huku chuoni tulicheka na kusema atarudi kesho, kumbe mwenzetu anachimba, anaponda, anafinyanga, na kulala huko huko. Chungu chake cha kwanza kilipasuka motoni. Wenyeji wakampakulia maharage kwenye kigae cha chungu hicho hicho, maana mfinyanzi hulia gaeni, wakacheka hadi machozi. Naye akacheka, akala yote. Kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Kabla likizo haijaisha, Mama Jenifer alikubali kupokea wanafunzi tena, kwa sharti kwamba kila mmoja apike kwanza kwenye chungu ndipo aguse udongo. Mafundi wengine wakafuata. Darasa lile lilihitimu lote.

Aliporudi, sharti lingine akatuwekea sisi: mwalimu asimkague mwanafunzi kwenye karakana ambamo yeye mwenyewe hajafanya kazi. Tulinung'unika sana. Mwalimu Adolfu wa uchoraji alipelekwa kwa Mzee Kashinje, mfugaji, kujifunza kuunda mkokoteni wa ng'ombe. Alirudi na malengelenge viganjani na Kisukuma cha kumtosha kupatana bei ya ndama. Leo wahitimu wetu wanabuni mifuko ya unga, wanashona sare na kuchora mabango mkoa mzima, na waajiri hawawaulizi tena kama wamewahi kushika kazi. Tunajivunia hilo, na tunasema wazi kuwa ni jasho la Coleta.

Jambo moja tu lilikuwa limemshinda. Kwa miaka mingi aliomba mafundi wanaowafundisha wanafunzi wetu watambuliwe kama walimu wa chuo hiki, wavae majoho na kuketi nasi jukwaani. Kila mwaka aliambiwa kuwa suala lake linafanyiwa kazi. Safari hii, kamati ilipomuuliza angependa zawadi gani, alijibu kwamba hataki kabati wala makochi, na kwamba hatakuja kuagwa mpaka hilo lipitishwe. Waliomjua walijua hatanii.

Limepitishwa. Ndiyo maana leo jukwaani mnaona majoho mengi kuliko mlivyozoea, na mengine yamevaliwa juu ya kitenge. Wa kwanza kuzungumza kwa niaba ya walimu wa chuo ni Mwalimu Jenifer Kapele, wa ufinyanzi. Tumempa dakika tano, ingawa hatuna matumaini kwamba atazifuata.

Asante, Mama Fildi. Tunakupenda, na tunakuombea miaka mingi yenye afya, shamba lenye mavuno na nyumba isiyokaukiwa wageni. Sasa kaa kitako, mama, umsikilize mwalimu mwenzako.